Vijidudu vinavyopumua chuma: Kwa nini maji ya mawe ya dhahabu huwa machachu

Mwezi Mei mwaka 2009, maji yenye tindikali yalivuja kutoka kwenye bwawa la Mgodi wa Dhahabu wa North Mara wilayani Tarime, yakaingia mto Tigithe. Kampuni iliyomiliki mgodi wakati huo ilieleza kuwa karatasi za plastiki zilizotandikwa bwawani ziliibwa, na hapo maji yakapata mwanya. Wananchi wa vijiji vya kando ya mto walilalamikia magonjwa ya ngozi na vifo vya watu na mifugo. Kampuni ilikanusha kuhusika na vifo hivyo. Mjadala uliendelea kwa miaka mingi.

Katika mjadala ule, swali moja halikupewa nafasi ya kutosha: tindikali yenyewe ilitoka wapi?

Wengi hudhani ni dawa iliyoletwa kwa madumu kisha ikamwagwa. Sivyo. Hata sainaidi inayotumika kuchenjua dhahabu hutumika kwenye maji yaliyowekwa chokaa, si kwenye maji ya tindikali. Maji machachu ya migodini hutengenezwa na mawe yenyewe yakikutana na hewa, mvua na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hupenda tindikali, vingine hupenda joto kali, na vinatumia madini ya chuma kama sisi tunavyotumia chakula na hewa.

Ukielewa vijidudu hivi utaelewa mambo matatu: kwa nini lundo la mawe lililoachwa miaka kumi linaweza bado kutoa maji mabaya, kwa nini kuchemsha maji hayo hakusaidii, na kwa nini tope jeusi la kwenye matete linaweza kuwa rafiki yako.

Jiwe linalong'aa

Mawe mengi yenye dhahabu huja pamoja na madini mengine yenye rangi ya njano inayong'aa. Wachimbaji wapya hudanganyika nayo, wakadhani wamepata mali. Kitaalamu huitwa pairaiti. Ni chuma kilichoungana na salfa.

Pairaiti ikiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, haina shida na mtu. Imekaa huko kwa mamilioni ya miaka. Shida huanza jiwe linapopasuliwa, likapandishwa juu na kumwagwa kwenye lundo la mawe taka, yale ambayo watu wa migodini huita magwangala. Likisagwa kwenye karasha na kuachwa kama marudio, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu unga una nafasi kubwa ya kukutana na hewa kuliko jiwe zima.

Mvua ikinyesha na hewa ikaingia, salfa ya kwenye pairaiti hubadilika kuwa tindikali. Ni tindikali ya aina ile ile iliyo ndani ya betri ya gari, ila imechanganywa na maji mengi. Chuma huyeyuka na kuingia majini. Tindikali nayo huyeyusha madini mengine yaliyomo kwenye mwamba. Yanaweza kuwa shaba, zinki, risasi, kadimiamu au aseniki, kutegemea mwamba wa mahali hapo.

Bila msaada, kazi hii huenda polepole sana, maana katika maji machachu chuma kilichoyeyuka hukawia kupata kutu. Vijidudu ndivyo vinavyoiharakisha. Mwaka 1947 watafiti wawili nchini Marekani, Colmer na Hinkle, walionyesha kuwa katika maji machachu ya migodi ya makaa ya mawe kulikuwa na bakteria wanaofanya kazi hiyo. Mwaka 1970 watafiti wengine, Singer na Stumm, walipima na kuona kuwa bakteria hao wanaweza kuongeza kasi ya chuma kupata kutu hadi mara milioni moja. Kazi ambayo ingechukua vizazi inafanyika ndani ya misimu michache ya mvua.

Kula chuma, kupumua chuma

Kijidudu kinapataje uhai kutokana na chuma?

Kila kiumbe hai hupata nguvu kwa kuhamisha vimzigo vidogo vya umeme viitwavyo elektroni. Mzigo hutoka kwenye chakula, hupita ndani ya mwili, na mwisho lazima awepo wa kuupokea. Fikiria vijana wanaopasiana matofali kwenye ujenzi. Kila mmoja anampa mwenzake mpaka tofali linamfikia fundi aliye juu ya ukuta. Fundi akiondoka, mikono yote inajaa na kazi inasimama.

Kwa binadamu, ng'ombe na samaki, fundi huyo ni hewa ya oksijeni. Ndiyo maana tukikosa hewa kwa dakika chache tunakufa hata kama tumbo limejaa ugali.

Sasa angalia bakteria wa mawe. Chuma kina hali mbili muhimu. Hali ya kwanza ni chuma kilichoyeyuka, ambacho majini karibu hakionekani. Hali ya pili ni chuma cha kutu, chenye rangi nyekundu au ya machungwa. Tofauti kati ya hali hizi mbili ni elektroni moja tu.

Panapokuwa na oksijeni, bakteria huchukua elektroni kutoka kwenye chuma kilichoyeyuka na kuikabidhi kwa oksijeni. Kwa hiyo chuma ni chakula chake. Mabaki yake ni kutu. Ile rangi ya machungwa unayoiona kwenye mawe ya kijito kinachotoka mgodini ni kama makapi ya mlo huo.

Pasipokuwa na oksijeni, mambo hugeuka. Baadhi ya vijidudu hivyo huchukua chakula kingine, kama salfa, kisha vinaikabidhi elektroni kwa chuma cha kutu. Sasa kutu ndiyo imekuwa fundi juu ya ukuta. Vinapumua kutu. Kutu ikishapokea mzigo, inarudi kuwa chuma kilichoyeyuka na kuondoka na maji.

Hivyo chuma kile kile ni chakula penye hewa, na ni hewa pasipo na hewa.

Ndani ya lundo: joto bila hewa

Lundo kubwa la mawe taka si kitu kilichokufa. Pairaiti inapoliwa, joto hutoka, kama ambavyo lundo la samadi mbichi hutoa mvuke asubuhi ya baridi. Katika sehemu mbalimbali za dunia, wataalamu wametoboa malundo ya mawe ya migodi na kupima joto la zaidi ya nyuzi 60 ndani yake. Hapo bakteria wa kawaida hushindwa, na wapenda joto wanachukua nafasi.

Wapenda joto mashuhuri zaidi ni wa kundi liitwalo arkea, viumbe vya seli moja ambavyo si bakteria, ingawa ni vidogo kama wao. Mwaka 1972 mtafiti Thomas Brock na wenzake walieleza aina iitwayo Sulfolobus kutoka chemchemi za moto zenye tindikali, zikiwemo za Yellowstone nchini Marekani. Kiumbe hiki hustawi kwenye joto la nyuzi 75 hadi 80 na uchachu kama wa maji ya ndimu. Mwaka 1976 Brock na mwenzake walionyesha kuwa Sulfolobus na baadhi ya bakteria wanaweza kukabidhi mzigo wao kwa chuma cha kutu badala ya oksijeni.

Aina nyingine, Acidianus, ilipewa jina kwa kumbukumbu ya Janus, mungu wa Warumi wa kale mwenye nyuso mbili. Penye hewa, Acidianus huichoma salfa na kutoa tindikali. Pasipo hewa, huipumua salfa hiyo hiyo, ikitumia gesi ya haidrojeni kama chakula. Baadhi yao huishi kwenye joto la karibu nyuzi 90.

Mkoa wetu nao una chemchemi za moto, na jina la kata ya Majimoto wilayani Serengeti linajieleza. Lakini si kila maji ya moto ni machachu. Chemchemi nyingi za Afrika Mashariki huelekea upande wa magadi, kinyume kabisa cha tindikali. Kwa hiyo ukitafuta makazi ya wapenda tindikali katika mkoa wa Mara, usianzie kwenye chemchemi. Anzia penye pairaiti iliyopasuliwa.

Hapa kuna jambo kubwa kwa usalama wetu. Ndani ya lundo, oksijeni huisha haraka kwa sababu vijidudu vya nje vinaitumia yote. Mtu angedhani kazi ya kutengeneza tindikali ingekoma hapo. Haikomi lazima. Kama maji yaliyomo yana chuma cha kutu kilichoyeyuka kwenye tindikali, chuma hicho huendelea kuila pairaiti bila hewa kabisa, na vijidudu vinavyopumua kutu huendelea kugeuza salfa kuwa tindikali. Ndiyo maana kufukia lundo baada ya kuharibika hakufanani na kulifukia mapema. Dawa ya kweli ni kuzuia hewa na maji kabla kutu haijaanza.

Kasese: vijidudu vilipopewa kazi

Majirani zetu wa Uganda waliona pande zote mbili za jambo hili. Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1950. Uliacha malundo makubwa ya pairaiti karibu na mji wa Kasese. Mvua zilibeba tindikali na metali kutoka kwenye malundo hayo kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na kukawa na ukanda wa ardhi ambako mimea ilikufa.

Ndani ya pairaiti hiyo kulikuwa na madini ya kobalti. Kuanzia mwaka 1999, kampuni ya Kasese Cobalt ililisha pairaiti hiyo kwa bakteria wapenda tindikali ndani ya matangi makubwa, kwenye joto la nyuzi 40 na kidogo, huku hewa ikisukumwa ndani kwa mashine. Bakteria walikula chuma na salfa, kobalti ikabaki kwenye maji na kuvunwa. Tindikali iliyozidi ilizimwa kwa mawe ya chokaa.

Kijidudu ni kile kile. Kikiwa ndani ya tangi chini ya usimamizi ni mfanyakazi. Kikiwa kwenye lundo lisilo na mwenyewe, kazi yake inaishia kwenye kisima cha jirani.

Tope jeusi linalosafisha

Si vijidudu vyote visivyohitaji hewa vinaleta madhara. Kuna kundi linalofanya kinyume.

Kwenye tope la chini la mabwawa ya matete na mafunjo, ambako oksijeni haifiki, huishi bakteria wanaokula majani yaliyooza na samadi. Wao hukabidhi mzigo wao kwa salfeti, yaani salfa ile iliyokuwa sehemu ya tindikali. Wakifanya hivyo, uchachu wa maji hupungua. Salfa nayo hugeuka kuwa gesi yenye harufu ya yai bovu. Gesi hiyo ikikutana na shaba, zinki, risasi au chuma majini, huvishika na kuwa chembe nyeusi zinazozama kwenye tope. Harufu na weusi unaoukuta ukikanyaga kwenye matete ni dalili ya kazi hiyo.

Katika nchi mbalimbali, migodi hutengeneza mabwawa ya matete au mashimo yenye samadi, majani na mawe ya chokaa ili bakteria hawa wasafishe maji kabla hayajafika mtoni. Mto Tigithe humwaga maji yake mto Mara, na mto Mara, kabla ya kufika Ziwa Victoria, hupita kwenye ardhi oevu kubwa ya mafunjo. Tope la ardhi oevu kama hii ni ghala la metali. Ukichoma mafunjo, ukakausha ardhi na kuilima, unafungua mlango wa ghala. Tope likikauka, hewa huingia, chembe nyeusi huliwa upya, na tindikali na metali hurudi majini. Kwa hiyo ikiwa kuna kijito kinachotoka eneo la uchimbaji, tope lake jeusi lisichimbwe kwa ajili ya matofali wala bustani.

Tope hili lina hatari nyingine moja. Aseniki hupenda kunata kwenye kutu. Vijidudu vinavyopumua kutu vikiyeyusha kutu hiyo, aseniki inaweza kuachiwa tena majini. Ndiyo sababu ardhi oevu ni msaada, lakini haiondoi ulazima wa kupima maji.

Hewa inapoisha mtoni

Mwezi Machi 2022, maji ya mto Mara upande wa chini, karibu na daraja la Kirumi, yaligeuka meusi na samaki wengi wakafa. Watu wengi walihisi sumu ya mgodini. Kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kuwa chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni majini. Wananchi wengi hawakuridhika na maelezo hayo.

Huo ubishi hatuwezi kuumaliza hapa. Tunachoweza kueleza ni kwamba mto unaweza kweli kuishiwa hewa bila kemikali ya kiwandani. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2018 walionyesha hivyo upande wa juu wa mto huu, nchini Kenya. Zaidi ya viboko 4,000 huingiza mtoni takriban kilo 8,500 za majani waliyoyala kila siku. Mabwawa ya viboko huishiwa oksijeni, vijidudu visivyohitaji hewa vinatawala, na mvua kubwa ikisukuma maji hayo kwa pamoja, samaki wa chini hufa.

Maji meusi yenye harufu ya yai bovu na maji ya machungwa yenye uchachu ni matatizo mawili tofauti. La kwanza ni la kukosa hewa. La pili ni la mawe kupata hewa nyingi. Ukiripoti, eleza rangi, harufu, mahali na saa. Maelezo hayo humwonyesha mtaalamu pa kuanzia.

Mambo ya kufanya nyumbani na machimboni

Usiamini weupe wa maji. Maji yenye tindikali kali yanaweza kuwa maangavu kuliko ya kisimani, kwa sababu chuma kimeyeyuka na viumbe vimekufa. Kijito kisicho na vyura, wadudu wala samaki, na chenye mawe ya rangi ya machungwa, ni cha kuogopwa. Usionje ili kuhakikisha.

Kuchemsha hakuondoi metali. Kuchemsha na dawa ya klorini huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na tuendelee kufanya hivyo. Lakini risasi na aseniki havifi. Maji yakipungua sufuriani, metali hubaki na kuwa nyingi zaidi kwa kila kikombe.

Vuneni mvua. Maji ya bati, baada ya mvua za kwanza kusafisha paa, ni salama zaidi kwa metali kuliko kijito cha machimboni. Mifugo nayo inyweshwe juu ya eneo la uchimbaji, si chini yake.

Wachimbaji wadogo, funikeni marudio mapema. Yasiachwe wazi wala kumwagwa kando ya mto. Yawekwe mahali pa juu, yafunikwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na mtaro uchimbwe ili maji ya mvua yapite pembeni. Chokaa hupunguza tindikali, lakini tope linalobaki bado lina metali.

Msichanganye kamwe sainaidi na maji machachu. Tindikali ikikutana na sainaidi hutoa gesi inayoua ndani ya muda mfupi.

Ombeni vipimo. Kipimo cha pH huonyesha uchachu: maji ya kawaida ni karibu na 7, ya ndimu karibu na 2. Lakini pH pekee haitoshi, kwa sababu maji yaliyozimwa kwa chokaa yanaweza bado kuwa na aseniki. Pelekeni ombi kwa mtendaji wa kijiji, RUWASA, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria au NEMC, na mtaje kuwa mnataka metali nzito zipimwe. Ombeni majibu kwa maandishi, yasomwe kwenye mkutano wa kijiji.

Vijidudu hivi vilikuwepo kabla ya mgodi wowote, na vitakuwepo mgodi ukifungwa. Havisubiri kibali wala havijui mpaka wa kijiji. Vinasubiri jiwe lipasuliwe na kuachwa wazi. Kwa hiyo mgodi unapozungumzia mpango wa kufunga, wakubwa kwa wadogo waulizeni: mawe haya yatafunikwa na nini, kwa unene gani, na nani atapima maji miaka ishirini baada ya mitambo kuondoka?